Bakuli la Nafaka Halikunikinga na Moshi

Miaka minne nilikula kwa utaratibu wa makrobiotiki, mtindo wa ulaji uliotoka Japani unaotegemea nafaka nzima na mboga, bila kukosa, na miaka yote hiyo nilivuta sigara 12 kwa siku. Wali wa mchele usiokobolewa, supu ya miso (soya iliyochachushwa), mboga, maharage, mwani. Sukari na nyama nilishaziaga. Nikimaliza kula naosha bakuli, natoka nje, nawasha.

Najua wapo wenzangu ambao mpaka leo wako hapo nilipokuwa, na ndio ninaowaandikia. Nilijiaminisha kwamba chakula changu kinasafisha kile ambacho moshi unachafua. Na maneno ya kunifariji hayakukosekana: tumbaku ni yang, yaani ina ile nguvu ya kubana ambayo mtindo huu huisawazisha na kinyume chake, yin; inakausha, inasawazisha, hata waanzilishi walivuta. Hilo la mwisho ni kweli. George Ohsawa, Mjapani aliyeusambaza mtindo huu, alikuwa mvutaji, na Michio Kushi aliyeukuza Marekani naye alivuta kwa miaka mingi. Kushi alifariki mwaka 2014 kwa saratani ya kongosho, na uvutaji ni mojawapo ya mambo yanayojulikana kuongeza hatari ya saratani hiyo. Ninawaheshimu wote wawili kwa mengi waliyofundisha kuhusu chakula. Lakini mwalimu kuvuta hakumpi mwanafunzi mapafu ya ziada.

Kilichonizindua ni jambo dogo tu. Kama wengi wa mtindo huu, nilikwepa nyanya, biringanya, pilipili na viazi mviringo kwa sababu ya ukoo wa mimea hiyo, ambao mtindo huu unauona haufai. Siku moja nikasoma kwamba tumbaku ni ya ukoo uleule. Nilikuwa naukataa ukoo mzima mezani, halafu nauchoma na kuuvuta nikiwa mlangoni.

Moshi haupiti tumboni hata ukutane na supu. Unaingia mapafuni, na kaboni monoksidi yake inakamata nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Hata vidonge vya virutubisho si ngao: katika utafiti mkubwa wa Finland uliochapishwa mwaka 1994, wavutaji waliopewa vidonge vya beta-karotini (kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A) walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wale ambao hawakupewa.

Mara ya kwanza kuacha nilikosea vibaya. Niliamua kufanya mambo mawili pamoja: kuacha sigara na kula nafaka peke yake kwa siku 10, "kujisafisha". Siku ya tatu usiku nilikuwa natetemeka, nimemkaripia kila aliye karibu, na saa sita nikaenda kutafuta pakiti. Siku mbili tatu za kwanza ndizo arosto, ile hamu kali ya mwili uliozoea nikotini, inapokaza zaidi, na njaa huja na dalili zilezile: hasira, kichwa kizito, mikono isiyotulia. Huwezi kujua kipi kinakuuma. Kwa hiyo nakusihi, mwezi unaoacha sigara usiubane mlo. Ulegeze. Kula ushibe, kula kwa wakati, ongeza matunda na karanga hata kama kawaida yako ni kuyapunguza.

Mara ya pili kilichonisaidia kuliko vyote ni kutafuna. Tunafundishwa kutafuna kila tonge mara 50, na mimi nilikuwa nafika 15 tu kwa sababu sigara ilikuwa inaningoja. Arosto ikipanda hudumu dakika chache halafu inashuka. Nikaanza kuweka wali uliopoa kwenye kibakuli karibu yangu. Ikipanda, natia kijiko kimoja mdomoni, nafumba macho, nahesabu. Wiki ya pili, nilipofika kama 30, wali ukawa mtamu. Mate huvunja wanga kuwa sukari, hilo nilikuwa nimelisoma miaka mingi, lakini ulimi uliokaushwa na moshi haukuwahi kuniambia. Nilikaa pale na kijiko mkononi, machozi yakinilengalenga.

Sigara ya baada ya kula ndiyo ngumu kuliko zote. Usiinuke. Miguu inajua njia ya mlangoni, basi inyime nafasi: acha vyombo, mimina kinywaji cha moto, kaa mpaka kiishe. Ila angalia kafeini. Moshi wa tumbaku hulifanya ini liiondoe kafeini haraka, kwa hiyo ukiacha, vikombe vilevile vya chai ya kijani vinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Mimi nilikosa usingizi nikidhani ni arosto. Nilipopunguza nusu, nikalala.

Kuhusu viraka vya nikotini, vile vinavyobandikwa kwenye ngozi: wenzangu wa mlo huu walinikanya kwamba ni kemikali. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, kiraka kinakupa nikotini bila moshi. Nilivitumia wiki nane na sijutii hata siku moja. Ukiwa mjamzito au una tatizo la moyo, anza kwa daktari.

Uzito utaongezeka kidogo. Mimi niliongeza kilo nne. Acha ziongezeke.

Na ukiteleza ukavuta moja, usisubiri Jumatatu. Lowesha zilizobaki kwenye maji, zitupe, kisha ingia jikoni uweke mchele motoni.