Kromosomu: hesabu doti, usihesabu vipande

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne hapa Tabora. Tumefundishwa kwamba seli kabla ya kugawanyika inakopi kwanza kromosomu zake zote, zile nyuzi zinazobeba urithi, sasa mimi nikajua 46 za binadamu zikikopiwa zinakuwa 92, nikaandika hivyo kwenye mtihani nikakosa. Kwanini? Alafu baba yangu anafuga nyuki, siku moja tuko porini tunarina asali akasema nyuki dume hana baba. Kama ni kweli, kromosomu zake anazitoa wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ulipokosa wewe wanakosa wengi sana, tena mpaka vyuoni, kwahiyo tuliza akili tuanze na khanga.

Nenda sokoni umwambie mama muuza khanga akuonyeshe doti moja ambayo haijakatwa. Utaona vipande viwili, maua yaleyale, maneno yaleyale, pindo lilelile, ila kitambaa bado ni kimoja na ukiuliza bei anakutajia bei ya doti moja. Kromosomu iliyojikopi iko hivyohivyo, ni nyuzi mbili zinazofanana, zinaitwa kromatidi, zimeshikana sehemu inayoitwa sentromia, na maadamu bado zimeshikana hapo tunahesabu moja. Kwahiyo seli ya ngozi yako ikimaliza kukopi ina vipande 92 ndiyo, lakini kromosomu ni 46.

Sasa kwenye mitosisi, ule mgawanyiko wa seli za kawaida za mwili unaokuzia kucha na kuponya kidonda, doti zote 46 zinajipanga katikati ya seli, mkasi unapita, kila kipande kinavutwa upande wake. Hapo kuna muda mfupi ambapo ndani ya seli moja zipo kromosomu 92 kweli kabisa, maana kipande kikishaachana na mwenzake kinahesabiwa chenyewe, alafu seli inajigawa na kila seli mpya inabaki na 46. Yaani 92 yako ipo, uliiandika mapema tu.

Meiosisi, ule mgawanyiko wa kutengeneza mbegu na mayai, ndo ngumu na ndo tamu. Hii inafanyika kwenye korodani na kwenye ovari peke yake. Doti zinatafutana mbilimbili, iliyotoka kwa baba inakaa na ya aina yake iliyotoka kwa mama, jozi 23, zinabadilishana vipisi (ndo maana wewe na ndugu zako wa tumbo moja hamfanani kila kitu), alafu mgawanyiko wa kwanza unakuja bila mkasi. Doti nzima inaenda huku, mwenzake nzima inaenda kule. Shika hapo vizuri maana hapo ndo namba inashuka kutoka 46 kwenda 23, sio kwenye mgawanyiko wa pili kama wengi wanavyodhani. Wa pili ni mkasi tu, doti 23 zinakatwa, kila seli inatoka na vipande 23, na vipande hivyo sasa ni kromosomu kamili. Seli moja ya mwanaume inatoa mbegu nne, ya mwanamke inatoa yai moja na zile nyingine ni vijiseli vidogo vinavyokufa.

Na usijisikie vibaya kukosea hesabu, wanasayansi wenyewe miaka mingi walikuwa wanasema binadamu ana 48 mpaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan kule Lund, Sweden, walipotangaza kuwa ni 46. Wenye 48 ni sokwe, hao wa Gombe na Mahale.

Kuhusu nyuki, baba yako anajua kazi yake. Malkia ana kromosomu 32 na mayai yake yanatoka na 16 kwa meiosisi kama nilivyoeleza. Yai likipata mbegu linarudi 32, anatoka kibarua au malkia mpya, lisipopata mbegu linakua hivyohivyo na 16 zake na anatoka dume. Kwahiyo hana baba lakini babu mzaa mama anaye! Na kwakuwa hana jozi za kutenganisha, anapotengeneza mbegu namba haipungui, mbegu zake zote zina 16 zilezile. Mpelekee baba yako hiyo.

SWALI: Mimi ni mama, niko Kigoma. Mwanangu ana miezi mitano, wamempima damu wakasema ana Down, yaani kromosomu 47 badala ya 46. Upande wa mume wanasema kuna kitu nilikula au mwiko nilivunja nikiwa mjamzito. Nilikosea wapi?

JIBU: Hongera kwa mtoto dada yangu, na pole kwa maneno. Hujakosea popote.

Soma jibu la hapo juu, ule mgawanyiko ambao doti mbili zinatakiwa ziachane. Mara nyingine jozi moja inagoma kuachana, zote mbili zinaenda upande mmoja, na yai linatoka na 24 badala ya 23. Likikutana na mbegu yenye 23 jumla ni 47. Kwa Down iliyozidi ni ile namba 21, Jérôme Lejeune na wenzake walitangaza hivyo Ufaransa mwaka 1959. Mara nyingi inatokea kwenye yai, mara chache kwenye mbegu ya baba, na hakuna anayeweza kuizuia kwa kula au kutokula. Mayai yako yalianza mgawanyiko huo wewe ukiwa bado tumboni mwa mama yako, yakasimama katikati miaka yote hiyo, ndo maana umri wa mama ukiongezeka uwezekano unaongezeka, ingawa mama wenye umri mdogo pia wanapata mtoto wa hivyo. Na angalia jambo moja: ile 24 ilikuwepo kabla mimba haijaingia. Ulichokula ukiwa mjamzito kilikuta hesabu imeshafungwa.

La haraka sasa ni moyo. Karibu nusu ya watoto hawa wanazaliwa na tatizo la moyo, kwahiyo kama hajapimwa moyo omba apimwe, na masikio, na tezi ya shingoni. Uliza pia mazoezi ya viungo, yaanze mapema. Siku ya kliniki nenda na baba yake, na yeye aisikie hiyo hesabu ya 24 na 23 kwa daktari.