Kabla ya Kumuunganishia Mteja Diski Mbili za SSD

Ninyi mnaoanza ufundi wa kompyuta hapa Mwanza mtaletewa ombi hili mapema: kijana anaingia dukani na diski mbili za SSD (diski za kisasa zisizo na sehemu inayozunguka) mkononi, anataka ziunganishwe ziwe moja, kwa sababu amesikia kwamba zikisaidiana gemu zitafunguka kwa nusu ya muda. Msimkatalie papo hapo, wala msikimbilie bisibisi. Muulizeni kwanza kompyuta yake ni ya namna gani, na gemu zake anazipata wapi.

Muunganiko anaouomba huitwa RAID 0. Faili hukatwa vipande, mara nyingi vya kilobaiti 64 au 128, kimoja kikaandikwa kwenye diski ya kwanza na kinachofuata kwenye ya pili, hivyo faili kubwa linaposomwa diski zote mbili hufanya kazi kwa pamoja. SSD moja ya SATA, yaani inayounganishwa na kompyuta kwa njia ya kawaida ya waya, huishia karibu na megabaiti 550 kwa sekunde kwa kuwa njia yenyewe ya SATA inabana. Zikiwa mbili, programu ya kupima itaonyesha takribani 1,000, na mteja atafurahi. Tatizo ni kwamba gemu haisomi kama programu ya kupima. Husoma pia vitu vingi vidogo vilivyotawanyika, na kitu cha kilobaiti 4 kwa kawaida hukaa chote ndani ya diski moja, kwa hiyo ile ya pili haina cha kusaidia. Isitoshe, data nyingi za gemu huwa zimebanwa, na mara nyingi ni prosesa inayozifungua kabla mchezaji hajaona chochote kwenye skrini.

Nilijihakikishia jambo hili mezani pangu, karibu na Makoroboi, nikihesabu sekunde kwa simu. Kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD moja, tofauti ilikuwa kubwa mno hata mwenye kompyuta akacheka kwa furaha. Kutoka SSD moja kwenda mbili zilizounganishwa, nilirudia kipimo mara kadhaa nikitafuta tofauti ambayo jicho lisingeweza kuiona.

Hasara yake, kinyume chake, haihitaji kupimwa. Diski moja ikifa katika RAID 0, vyote vimekwenda, kwa sababu nusu ya faili iliyobaki haisomeki. Mwanafunzi mmoja wa chuo niliyemuunganishia alirudi baada ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu, diski moja haionekani tena hata kwenye BIOS (programu ya msingi inayoamsha kompyuta kabla ya Windows), na humo mlikuwa na ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Nilikuwa nimemweleza habari za kasi kwa kirefu, na habari za nakala rudufu sikumtajia hata kidogo. Kosa lile ni langu, na ndilo linalonifanya niwaandikie.

Mtasikia wengine wakisema gemu si kitu cha kuogopa kupoteza, kwani hupakuliwa upya. Huenda ni kweli kwa mwenye intaneti isiyo na kikomo. Kwa kijana wa Igoma au Buswelu anayenunua bando, gemu ya gigabaiti 100 ni fedha ya kuumiza, na wengi hunakili gemu zao kutoka kwenye diski ya rafiki ambaye huenda ameshahama mji.

Kwa hiyo angalieni mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Ikiwa ina nafasi ya M.2 (tundu jembamba la kuchomeka SSD moja kwa moja kwenye bodi) inayopokea NVMe, aina ya SSD isiyopitia SATA bali njia ya kasi zaidi iitwayo PCIe, mshaurini auze zile mbili anunue moja: hata NVMe za kizazi cha PCIe 3.0, zile nzuri, hufikia karibu megabaiti 3,500 kwa sekunde, bila muunganiko wowote. Someni kijitabu cha mazabodi kwanza, maana katika bodi nyingi kuchomeka M.2 huzima tundu moja au mawili ya SATA, na mteja atadhani mmemharibia diski.

Ikiwa ni kompyuta ya zamani ya ofisini isiyo na nafasi hiyo, ziacheni diski zikae mbalimbali: Windows kwenye moja, gemu kwenye nyingine. Steam, programu ya kununulia na kuchezea gemu, inaruhusu folda za gemu kwenye diski zaidi ya moja, kwa hiyo nafasi haipotei, tofauti na RAID 0 ambayo diski ya gigabaiti 240 ikiungana na ya 480 hutoa 480 tu. Kama ana diski ya zamani ya kuzunguka, msiitupe. Ihifadhi nakala za gemu, za maendeleo ya mchezo na za masomo yake. Akisisitiza kuunganisha, mfanyieni, lakini nakili kwanza kila kilichomo, naye ashuhudie nakala ikifunguka kabla hamjafuta chochote.