Nimemwandika mwenye duka mtandaoni, sasa wakili wake ananitisha

SWALI: Asalaam alaykum Shehe. Nilinunua magunia mawili ya mchele kwa ajili ya walima wa binti yangu hapa Arua, Uganda. Juu mkavu, chini umelowa na unanuka uvundo. Mwenye duka akakataa kunirudishia pesa. Nikaandika kwenye Google: “Mchele wake wa chini umeoza na pesa harudishi. Ni mwizi, hata watoto wake anawalisha haramu.” Mawifi zangu wawili nao wakamwandika vibaya ili kunisaidia. Sasa nimeletewa barua ya wakili: nifute ndani ya siku saba na nikiri kwa maandishi kwamba yote niliyosema ni uongo, la sivyo tuonane mahakamani. Je, nimesengenya? Nifute?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullah, dada yangu. Pole kwa msukosuko huu, tena siku za harusi.

Habari ya mchele si usengenyaji uliokatazwa. Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema ilinyeshewa mvua. Akamwambia: kwa nini hukuiweka juu watu wakaiona? Anayeghushi si katika mimi. Na Imamu Nawawi alihesabu sababu sita zinazoruhusu kumtaja mtu kwa asilolipenda. Kushitaki dhuluma imo, na kuwatahadharisha watu imo. Unazo zote mbili.

Lakini “mwizi”? Ulimwona akiulowesha? Huenda naye aliuziwa hivyo hivyo. Kwamba alikataa kurudisha pesa, hilo unalijua. Lililobaki ni dhana. Na wale watoto, dada yangu, wamekukosea nini? Maneno hayo yamenichoma. Yafute leo hii, kabla hata ya kumjibu wakili, na uyafute kwa kumwogopa Mola wako. Mawifi zako nao wafute yao yote. Hawakununua hata kilo moja, na ushahidi wa uongo Mtume aliutaja pamoja na shirki katika madhambi makubwa kabisa.

Umwombe radhi mwenye duka kwa neno la wizi na kwa watoto wake, waziwazi, palepale ulipowataja. Ila usitie sahihi kwamba mchele ulikuwa mzima. Ukisaini hivyo, wewe ndiye utakayekuwa shahidi wa uongo, na mnunuzi wa kesho atabeba gunia lile lile.

Barua ya wakili si hukumu. Kwenye kesi ya kashfa ukweli ni utetezi, mradi uuthibitishe: risiti, picha za gunia, waliokuwepo mlipolifungua. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, kilichofanya maandishi ya kuudhi kuwa kosa la jinai, Mahakama ya Katiba ilikifuta Januari 2023. Hata hivyo usijibu barua hiyo peke yako. FIDA Uganda, chama cha mawakili wanawake, huwasaidia wanawake kisheria, waendee.

Na kabla siku saba hazijaisha, chukua wazee wawili wa msikiti mwende dukani. Mwenyezi Mungu amesema suluhu ni kheri. Mchele wowote uliobaki katika gunia lile usiutupe, nenda nao.

Wallahu aalam.