Rekodi ya Mtuhumiwa: Kwa Vijana Mnaoanza Upelelezi wa Mauaji

Kwa miaka niliyopeleleza kesi za mauaji mkoani Tanga, swali la kwanza kutoka kwa kila askari mgeni lilikuwa hilo hilo: mtuhumiwa ana rekodi, yaani amewahi kukamatwa au kufungwa? Nami nililiuliza nilipoanza, na liliwahi kunipotosha vibaya.

Msingi wa swali hilo upo. Mtaalamu wa uhalifu Marvin Wolfgang alipopitia mafaili ya polisi ya Philadelphia, Marekani, kuhusu mauaji ya mwaka 1948 hadi 1952, alikuta kwamba takribani asilimia 64 ya watuhumiwa walikuwa wamewahi kukamatwa. Wengi huishia hapo, wakasahau kwamba hata miongoni mwa waliouawa, asilimia 47 walikuwa na rekodi, na kwamba hesabu hiyo inaanza kwa aliyeua na kurudi nyuma. Ukiianza kwa waliokamatwa na kwenda mbele, picha inageuka kabisa: waliopita Mahakama ya Mwanzo kwa wizi wa kuku au baiskeli, au kwa ugomvi wa pombe ni wengi mno, na karibu wote watazeeka bila kumuua mtu.

Katika kijiji kimoja cha mashamba ya mkonge aliuawa mama mmoja usiku, nyumbani kwake. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumemtia mahabusu kijana aliyekwisha kufungwa mara mbili kwa wizi, kwa kuwa jina lake ndilo lililotujia haraka. Mume wa marehemu, mtu mpole wa maneno ambaye hakuwa na rekodi yoyote, ndiye aliyetupokea na kututafutia viti. Siku ya nne dada wa marehemu alituletea kadi ya kliniki ya mtoto, na ndani yake zilikuwa zimekunjwa PF3 tatu, zile fomu za polisi za kumpeleka aliyejeruhiwa hospitali, zote za marehemu, zote za miezi kumi na minane iliyopita. Kila mara shauri la kupigwa na mumewe lilikuwa limerudishwa nyumbani, likamalizwa na wazee kwa mkeka na kahawa. Kijana tulimwachia, naye hakuna aliyemwomba radhi.

Kwa hiyo, mnaposema mtu hana rekodi, mnasema tu kwamba hakuna aliyemfikisha mahakamani. Historia inayopaswa kuwashtua ni ile ya kumpiga, kumkaba au kumtishia mtu yule yule aliyekuja kuuawa, na mara nyingi haimo kwenye kumbukumbu za alama za vidole. Iko kwa mjumbe, kwa muuguzi wa zahanati, kwa jirani aliyezoea kusikia kelele, na kwenye dawati la jinsia la polisi, linalopokea malalamiko ya ukatili wa nyumbani, ikiwa mtu alithubutu kufika.

Mkumbuke pia kwamba kwa kawaida mwendesha mashtaka hawezi kutumia hukumu za nyuma kuthibitisha kosa jipya, isipokuwa mshtakiwa mwenyewe alete ushahidi wa tabia njema. Rekodi husomwa baada ya kutiwa hatiani, nayo huwa na uzito katika kesi ya kuua bila kukusudia, ambako jaji ana nafasi ya kupima adhabu hadi kifungo cha maisha. Katika mauaji ya kukusudia, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kimeshataja adhabu ya kifo, hata kwa mkosaji wa kwanza.

Mkifika nyumba ya msiba, ombeni kadi za hospitali za marehemu kabla ya kutaja jina la mwizi yeyote.