Jina la baba si mkataba

Mdogo wangu, unasema kila ukienda usaili wa uigizaji hapo Sinza unaulizwa habari za marehemu baba yako, mchekeshaji aliyejulikana, kabla hujafungua mdomo, na sasa unataka kubadili jina. Mimi nisingebadili. Jina likufungulie mlango, kuna ubaya gani? Wenzako wanasota miaka bila hata kupokelewa simu.

Tatizo naliona kwingine: umesema unaigiza vichekesho kwa sababu ndivyo alivyoigiza mzee. Je, wewe unavipenda? Jaribu tamthilia ya mambo mazito, hata nafasi ndogo ya mistari mitatu. Ukiweza, nenda TaSUBa, ile taasisi ya sanaa na utamaduni pale Bagamoyo, ukasome. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nako wanafundisha sanaa za maonyesho. Darasani mwalimu atakusahihisha bila kumwonea haya baba yako, jambo ambalo maprodyuza wetu hawathubutu.

Halafu, mikataba ya mzee iko wapi? Hili hukuligusa kabisa, nami ndilo linaloniumiza. Mchekeshaji King Majuto alipokuwa mgonjwa mwaka 2018, suala la mikataba yake ya matangazo lilifika hadi kwa waziri, ilhali nchi nzima ilimjua. Kaeni na mama na ndugu zako, kusanyeni karatasi zote, mwende COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mkaulize familia inadai nini. Anza na mama. Huenda karatasi nyingine ziko kabatini kwake.