Kwa maafisa mradi wapya: hilo karatasi la mahudhurio lina majina ya watu

Wiki iliyopita afisa mradi mpya wa asasi yetu, mtoto mchapakazi nisiyetaka kumvunja moyo, alipiga picha karatasi la mahudhurio ya mdahalo wa kijiji akairusha kwenye grupu la WhatsApp la mradi. Majina matatu matatu, vitongoji, namba za simu, sahihi za posho. Grupu lenyewe lina watu hata mimi siwajui, akiwemo afisa wa halmashauri aliyehamishwa zamani na hakuna aliyemtoa. Nikamwambia afute. Akanijibu, "Dada, huo si ndio ushahidi wa shughuli?" Basi kaeni hapa niwaambie machache, maana uchaguzi ukipita mnadhani joto limepita.

1. Msajili wa NGO kwanza, mfadhili baadaye. Kanuni za NGO za Tanzania za 2018 zilituwekea siku 10: mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 ukishasainiwa, upelekwe kwa Msajili na Hazina. Mkurugenzi akisema "tutapeleka tukirudi fildi", mkumbusheni kesho yake tena. Cheti cha usajili nacho kitazameni tarehe. Tangu marekebisho ya 2019 kinaishi miaka 10 tu. Waliokuwepo mwaka ule wanakumbuka asasi zilizosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama kampuni zilivyopewa miezi miwili kuhamia kwa Msajili. Mafaili yaliyopotea tangu enzi za mwenyekiti mwanzilishi yalitafutwa mpaka nyumbani kwa wajane.

2. Hadithi ya mafanikio. Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa afisa mradi kama nyie, kwenye mradi wa PETS, yaani wanakijiji kufuatilia matumizi ya fedha za umma. Kamati ya kijiji kimoja ilikagua ujenzi wa zahanati ikakuta saruji iliyoandikwa kwenye vitabu na iliyofika saiti ni vitu viwili tofauti. Aliyesimama kwenye mkutano wa kijiji na kusoma hesabu ile alikuwa mama mmoja mjane, sauti kavu, hana woga. Robo mwaka ilikuwa inaisha na mfadhili anataka hadithi. Nikaandika moja tamu. Nikaweka jina lake, kijiji chake na picha yake mbele ya msingi wa zahanati. Fomu ya ridhaa alitia dole gumba, nikaiskani, nikaituma. Mfadhili aliipenda akaiweka kwenye kijarida chake na kwenye mitandao, miezi michache kabla ya uchaguzi. Mimi nikapata pongezi, tena kwa nakala ya mkurugenzi. Sikulala kwa furaha.

Mtu akaichapa hadithi ile ikafika ofisi ya kata. Mama akaitwa: nani kakutuma, wanakulipa shilingi ngapi, wewe ni wa chama gani. Hakupigwa wala hakufunguliwa kesi, na kwa muda mrefu nilijifariji kwa hilo. Lakini kikundi chake cha akina mama kilikuwa kimeomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yake, na faili lao likawa halionekani. Wenzake wakajua ni kwa sababu yake. Wakamtoa ukatibu, kisha wakamtoa kikundini. Sisi tulikuwa na mwanasheria, barua yenye nembo, na mtandao wa watetezi wa kupigia simu usiku. Yeye alikuwa na sisi, na mradi wetu ulikuwa umeshafungwa.

Nilikwenda kumwona. Alinipikia, akanipa kiti chenye mgongo, na baada ya chakula akaniuliza, "Mwanangu, ile karatasi niliyoweka dole, ilikuwa inasema nini?" Ilikuwa ya Kiingereza. Sikuwahi kumsomea.

Kwa hiyo mkiniona nafoka kuhusu picha za WhatsApp, msiseme dada kazeeka. Badilisheni jina, taja wilaya tu, picha ipigwe kwa nyuma, fomu isomwe kwa Kiswahili au kilugha, na mwulize mtu swali moja: mtendaji wako akiisoma hii, itakuwaje? Akisita, hadithi imekufa. Siku hizi hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, kwa hiyo kisingizio nilichokuwa nacho mimi hamna.

3. Barua ya utambulisho: kwa DAS (katibu tawala wa wilaya), kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha kata na kijiji, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa ikae kwenye mkoba, siyo ofisini.

4. Msipende mfadhili mmoja. Januari 20, 2025 Trump alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje, na kabla mwezi haujaisha wenzetu wa miradi ya afya walikuwa wanakabidhi magari. Julai USAID, shirika la misaada la Marekani, lenyewe lilikuwa limeacha rasmi kuendesha misaada. Watu waliokuwa wanatucheka sisi wa bajeti ndogo walituma CV kwetu. Tulizipokea kwa heshima, kidogo tu tulicheka.

5. Intaneti ilipozimwa siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, kulikuwa na ofisi ambazo orodha ya wafanyakazi walioko fildi ilikuwa Google Drive tu. Namba za watu wenu ziwe pia kwenye daftari, na daftari likae kabatini kwa kufuli. Ndiyo, najua nimetoka kuwafokea kuhusu majina. Kabati lina kufuli, grupu halina.

6. Masurufu, yaani fedha mnazopewa kabla ya safari na kuzitolea hesabu mkirudi. Mkaguzi akitumwa kutafuta kosa hataanza na matamko yenu kuhusu haki za binadamu. Ataanza na risiti ya mafuta ya gari lililokuwa gereji siku hiyo. Wawili kati yenu hamjarejesha ya safari ya mwezi uliopita, na mhasibu ameacha kunisalimia mimi. Kesho kabla ya saa nne.