"Staunch": Uaminifu wa Namna Gani?

SWALI: Katika gazeti la Kiingereza nilisoma habari ya mbunge aliyeitwa "staunch supporter" wa kiongozi wa chama chake. Baadaye gazeti hilo hilo likamwita mtu mwingine "staunch critic" wa kiongozi yule yule. Kamusi yangu inasema neno hilo maana yake ni "mwaminifu". Je, mkosoaji anawezaje kuwa mwaminifu kwa anayemkosoa? Na je, naweza kulitumia kumsifu mweka hazina wa chama chetu, ambaye hajawahi kupoteza hata senti moja?

JIBU: Kamusi yako haikukosea, ila imekupa nusu ya maana. Kiini cha "staunch" ni kutoyumba: mtu amekwisha kuchagua upande, na wala vitisho, hasara au kelele za walio wengi hazimtoi hapo. Upande wenyewe waweza kuwa wa kuunga mkono au wa kupinga. Ndiyo maana mkosoaji naye hustahili sifa hiyo, kwa kuwa uthabiti wake umeelekea kwenye msimamo wake, haukuelekea kwa kiongozi.

Historia ya neno inalifafanua vizuri kuliko kamusi nyingi. Kiingereza kililipokea kutoka Kifaransa cha kale mwishoni mwa Zama za Kati, na mojawapo ya maana zake za awali ilihusu vyombo vya majini: merikebu isiyovuja, iliyokazwa kalafati hata maji yasipate pa kupenya. Katika karne ya 17 likaanza kutumiwa kwa watu. Kitenzi cha asili hiyo hiyo kingali hai, nacho maana yake ni kuzuia damu isiendelee kutoka jerahani. Wamarekani wengi hukiandika "stanch".

Kwa matumizi, neno hili hupenda kutangulia nomino inayotaja upande wa mtu, kama vile mfuasi, mshirika, mtetezi au mpinzani. Husemwi kuwa "staunch to" fulani, kama isemwavyo "loyal to"; andika "a staunch supporter of", au tumia kielezi "staunchly" pamoja na vitenzi vya kutetea na kupinga.

Usilichanganye na "diehard", ambalo wengi hulitumia kana kwamba ni pacha wake. Hilo lina harufu ya ukaidi. Asili yake hutajwa kuwa vita vya Albuera, Uhispania, mwaka 1811, ambapo inasimuliwa kwamba Kanali William Inglis, akiwa amejeruhiwa, aliwahimiza askari wake wa kikosi cha 57 cha Uingereza wafe kiume, yaani "die hard". Mwaka 1911 likabandikwa kwa wale wa Baraza la Mabwana, baraza la juu la Bunge la Uingereza, waliokataa katakata sheria ya kupunguza mamlaka ya baraza hilo. Kwa Kiswahili huyo ni mkereketwa. Mtu aliye "staunch" ningemwita mfuasi thabiti, au mpinzani asiyetetereka, kulingana na upande aliopo.

Mweka hazina wenu hafai kusifiwa kwa neno hili. Kiswahili chetu hutumia "mwaminifu" kwa asiyeiba na kwa asiyemwacha mwenzake vilevile, lakini Kiingereza hutenganisha mambo hayo mawili. Mwandikie "honest" au "trustworthy", na "staunch" uiweke akiba hadi siku atakapokitetea chama ambapo wengine wamekwisha kukihama.